Bila Viza, kwa Masharti Kumi na Tisa

Tuliachana vibaya wiki iliyopita, wasomaji, na lawama zote nazibeba mimi. Niliwaacha na mguu wa mtu mlangoni.

Mguu huo ulikuwa na kiatu cheusi kinachong'aa, na ulikuwa umejipenyeza kwenye duka la fotokopi la Plastiki saa mbili asubuhi, kabla mlango wa chuma haujapandishwa hata nusu. Juu ya mguu palikuwa na suti. Juu ya suti, tai. Juu ya tai, mdomo, na mdomo ukauliza, "Wewe ndiye Plastiki?"

Plastiki akajibu kama anavyojibu mwenye duka dogo yeyote anapoulizwa jina na mtu aliyevaa tai.

"Plastiki ametoka," alisema Plastiki.

"Atarudi saa ngapi?"

"Inategemea nani anamtaka."

"Wewe mtoto!" Sauti ilitoka nyuma ya mashine. "Simama wima umwambie mgeni jina lako. Nimekulea miaka ishirini na sita uje kujikana mbele yangu?"

Huyo ndiye Shangazi. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake tangu alfajiri, viatu vimefungwa kamba, mkoba mapajani, ingawa ndege yake ilikuwa ya saa kumi jioni. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mpiga chapa wa serikali, na anasema mwenyewe kwamba hakuwahi kukosea herufi, bali waliomwandikisha ndio waliokosea. Kiinua mgongo chake ndicho kilichonunua mashine ya kuvisha makaratasi plastiki, mashine iliyompa mtoto wa kaka yake riziki na jina.

Na kwa msomaji aliyetukuta njiani: Shangazi ni pacha. Yeye ni Kurwa, mwenzake ni Doto. Doto aliolewa ng'ambo, katika ile nchi ambayo mtaani tunaiita Kule tu, na hawajaonana kwa miaka thelathini na mmoja. Mara sita Shangazi aliomba viza ya Kule, mara sita akanyimwa. Mara ya mwisho waliandika kwamba mwombaji hakuonyesha sababu ya kutosha ya kurudi kwao. Barua hiyo ilikuwa na makosa mawili ya chapa. Shangazi aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu, akawarudishia.

Sasa keshokutwa asubuhi Doto anapasuliwa moyo. Daktari hakuahidi kitu. Doto naye aliomba kitu kimoja tu kwenye simu: "Kabla hawajanilaza usingizi, Kurwa, nataka niione sura yetu."

Na mwezi jana, kama muujiza, Kule wakatangaza kwamba watu wetu wataingia bila viza! Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Mwangwi wa vigelegele hivyo ulikuwa haujatulia sawasawa, ndipo mguu ukaingia dukani.

"Mimi ndiye Plastiki," Plastiki alikiri. "Kama ni mambo ya kodi, nilikuwa nakuja."

"Natoka ubalozi mdogo wa Kule."

Shangazi alisimama. Mkoba ukaanguka.

"Mmebadili mawazo," alisema polepole. "Mnairudisha viza."

"La hasha, mama. Shikamoo. Mashine yetu ya fotokopi imekufa."

Plastiki akaiachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu mwanzo wa hadithi.

Bwana Tai, maana jina jingine hakutoa, aliweka bunda la karatasi mezani. "Nakala mia mbili. 'Mwongozo wa Msafiri Asiyehitaji Viza.' Nazisubiri hapa hapa."

Plastiki alilipima bunda kwa kidole gumba. "Kurasa kumi na moja? Za kutohitaji kitu?"

"Masharti kumi na tisa."

"Si yalikuwa kumi na mawili?"

"Hayo ni ya zamani. Haya yanaanza kutumika leo."

"Na watu watayajua lini?"

"Wewe ukishamaliza kutoa kopi."

Mashine ikaanza kunguruma. Shangazi aliinyaka nakala ya kwanza ikiwa bado ya moto, akatoa penseli, akaanza kujikagua kama alivyokuwa akikagua barua za wakubwa.

"La kwanza, pasipoti iwe na uhai wa miezi sita. Inao. La pili, iwe na kurasa mbili tupu zinazotazamana." Akaifungua pasipoti, akahakikisha. "Zinatazamana. La tatu, tiketi ya kurudi. Ipo. La nne, mahali pa kulala. Nalala kwa ndugu yangu."

"Pamoja na hoteli," alisema Bwana Tai.

"Nitalala kwa ndugu yangu, halafu nilale na hotelini?"

"Si lazima ulale, mama. Ni lazima uwe na chumba."

"Nilishakuwekea, Shangazi," Plastiki aliwahi. "Lilikuwemo hata kwenye yale ya zamani."

"La tano, picha. Msafiri asicheke, asinune." Shangazi akaweka alama. "Hilo lilinitoa jasho. Picha saba nilionekana nimenuna, na sikuwa nimenuna, ni uso tu."

Kisha akamtazama Bwana Tai juu ya miwani.

"Kijana, hebu nieleweshe kwa lugha ya kawaida. Zamani nilikuwa nawaletea makaratasi haya haya, mkanipa viza au mkaninyima. Sasa nawaletea makaratasi haya haya. Kilichoondoka ni nini?"

Bwana Tai alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu kwa namna yake.

"Kibandiko," alisema. "Tulikuwa tunabandika kibandiko kwenye pasipoti. Sasa hatubandiki."

"Na atakayenyimwa atajuaje kwamba amenyimwa?"

"Ndege itamrudisha, mama."

Plastiki hakucheka. Alikuwa amesimama mdomoni mwa mashine akisoma kila ukurasa unaotoka, tabia yake ya siku zote, na ndiyo sababu anajua siri za nusu ya mtaa. Ukurasa wa nane ulipotoka, akausoma. Nakala ya pili ya ukurasa wa nane ikatoka, akaisoma tena, akidhani labda itakuwa imebadilika. Haikubadilika.

*Sharti la kumi na nne. Msafiri awe na kadi halisi ya chanjo. Kadi iliyokatwa, iliyofutwa au iliyovishwa plastiki ni batili.*

Aligeuka kuutazama mkoba wa Shangazi.

Lazima niwaambie, wasomaji, kwamba Plastiki haamini karatasi iliyo uchi. Cheti chake cha shule kimevaa plastiki. Mkataba wa duka umevaa plastiki. Kalenda imevaa plastiki, na ndiyo maana hakuna anayeweza kuandika kitu juu yake. Hata kitabu cha maelekezo ya mashine ya plastiki kimevaa plastiki. Na tangu Kule walipotangaza bila viza, kwa furaha tu, alikuwa akiivisha bure kadi ya chanjo ya kila msafiri wa mtaa. Zawadi ya duka. Kadi arobaini na moja, pembe zote amezikata mviringo zisichome mfuko.

Ya kwanza kabisa, aliyoivisha kwa upendo kuliko zote, ilikuwa ya Shangazi.

"Bwana," aliuliza kwa sauti nyembamba, "hili la kumi na nne... wanalitilia maanani?"

"Kuliko yote. Afisa wa Kule anapitisha kidole juu ya muhuri. Asipousikia, hauko."

Penseli ya Shangazi ilifika kwenye kumi na nne. Ikasimama. Alifungua mkoba, akatoa kadi yake, na kadi ile ikametameta chini ya taa kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi.

Bwana Tai alipakia nakala zake mia mbili akiwa ameridhika. "Kazi safi. Nitarudi jioni na nyingine. Mkubwa wangu akipendezwa, kazi zote za ofisi zitakuwa zako." Akaondoka, kiatu kikimetameta, wala asijue kwamba ameacha maiti mbili zimesimama.

"Itoe," alisema Shangazi.

"Shangazi..."

"Umeivisha, ivue."

Plastiki akakimbilia mlango wa pili, kwa Kinyozi, akarudi na mashine ya kukaushia nywele na Kinyozi mwenyewe nyuma yake, mkasi mkononi, mteja kaachwa nusu kichwa.

"Unamnyoa nani huku bila mimi?" aliuliza Kinyozi.

"Nyamaza, shika hapa." Sababu hakumwambia.

Waliipuliza kadi moto. Plastiki akaingiza ukucha pembeni, akavuta taratibu, na plastiki ikaanza kubanduka. Inabanduka! Kinyozi akashangilia. Plastiki akavuta hadi mwisho, akainua mikono juu kama mshindi.

Mkono wa kushoto ulikuwa na kadi nyeupe. Mkono wa kulia ulikuwa na plastiki, na katika plastiki, wazi kabisa, muhuri na sahihi.

"Basi," alisema Shangazi. "Muhuri umesafiri. Mimi na kadi tumebaki."

Ilikuwa saa nne u nusu. Kaunta ya ndege ingefungwa saa tisa.

Kituo cha chanjo ni chumba kimoja chenye jokofu, dawati na Sista. Foleni ilianzia getini. Walipofika mbele ilikuwa imetimia saa saba, na Sista aliongea bila kuinua kichwa.

"Iliyopotea, leteni ripoti ya polisi. Iliyoungua, leteni kilichobaki. Iliyotafunwa, barua ya mwenye mnyama."

"Hii ilivishwa plastiki, Sista," alisema Plastiki.

Kichwa kiliinuka. Sista alivuta droo ya dawati lake. Ndani yake zilijaa kadi zilizometameta, pembe zimekatwa mviringo.

"Kumi na saba," alisema. "Wiki mbili tu hizi. Watu wanarudi kwa chanjo ya pili, nataka kuandika, kalamu inateleza kama kwenye kioo. Nawauliza, nani kakufanyia hivi? Wote wamesahau. Eti ni kijana mwema, hawataki kumtaja. Namtafuta sana huyo mwema."

Shangazi alitazama dari. Mpiga chapa wa serikali hatoi siri ya ofisi.

Plastiki angeweza kusahau kama wengine. Foleni ilikuwa ndefu, Sista alikuwa amechoka, na duka halikuandikwa kwenye kadi. Akakohoa.

"Ni mimi, Sista."

"Wewe ndiye unayezivalisha kadi zangu makoti ya mvua?"

"Nilitaka zidumu."

"Zitadumu. Mimi na wewe tutazikwa, zenyewe zitadumu. Hazifai kitu, lakini zitadumu." Akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole mpaka kwenye jina la Shangazi. "Mama sindano alichomwa, daftari hili hapa. Namwandikia kadi mpya, tarehe ile ile ya sindano. Umezivisha ngapi zote?"

"Arobaini na moja."

"Na hao wengine watajua lini?"

Plastiki alikumbuka kwamba asubuhi ile ile yeye naye aliuliza swali hilo hilo, na alikumbuka jinsi jibu lilivyokuwa baya.

"Leo kabla jua halijazama," alisema Sista, "bandika tangazo mlangoni kwako. Useme umeharibu kadi za watu, na kila mmoja aje nimwandikie nyingine."

"Niandike kwamba ni mimi?"

"Unataka uandike kwamba ni upepo?"

"Sista, mtaa mzima utanimeza. Jina langu lenyewe ni Plastiki."

"Sitakuja kukagua." Alikwishaanza kuandika kadi. "Watu ninao mpaka getini. Ukitaka kunidanganya, nidanganye. Mama ataondoka na kadi yake vyovyote vile."

Hapo ndipo alipomkamata. Angemtishia, Plastiki angepata pa kujificha. Hakumtishia, akakosa pa kwenda.

"Nitabandika," alisema. "Kabla jua halijazama. Naahidi."

Muhuri ukagonga, pa! Plastiki akaipunga kadi hewani wino ukauke, na mkono wake mwingine, kwa mazoea, ukaanza kupapasa mfukoni kutafuta kipande cha plastiki. Shangazi aliuchapa.

Sasa kazeni mikanda. Teksi. Msongamano. Teksi nyingine. Saa nane na dakika arobaini na tano walikuwa mbele ya kaunta, Plastiki na sanduku kichwani, Shangazi na makaratasi yake yamepangwa kwa namba.

Binti wa kaunta alipitisha kidole juu ya muhuri wa chanjo. Kidole kikatoka na wino.

"Unasikika," alikubali. Akachukua barua ya mwaliko, ambayo Plastiki alikuwa ameivisha pia. Plastiki akafumba macho. Binti akaigeuza, akaipapasa. "Hii nzuri jamani. Mmefanyia wapi?"

"Kuna mahali," alisema Plastiki.

Kisha binti akafika kwenye kopi ya kitambulisho cha mwenyeji. Akaitazama. Akamtazama Shangazi. Akaitazama tena.

"Mama, umekosea. Hapa umeweka kopi ya kitambulisho chako mwenyewe."

"Si changu. Ni cha ndugu yangu."

"Sura ni yako."

"Sura ni yetu."

"Tarehe ya kuzaliwa ni yako."

"Tulikuwa wawili siku hiyo."

Binti akashusha sauti kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Mama, umejialika mwenyewe?"

Mtu kwenye foleni akaangua kicheko. Shangazi hakugeuka. Alizipanga upya karatasi zake juu ya kaunta, ingawa zilikuwa zimepangwa tayari.

"Ningekuwa na uwezo wa kujialika," alisema, "nisingengoja miaka thelathini na mmoja."

"Samahani, mama. Itabidi nimwite msimamizi." Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika tisa. "Yuko chakula."

"Sharti la sita!" Plastiki alisema kwa sauti ya mwanafunzi aliyekariri. "Mwenyeji awe na jina, anwani na kitambulisho kilicho hai. Halikusema awe na sura ya peke yake. La saba, asiwe mfungwa. Si mfungwa, ni mgonjwa. La nane, bili ya maji ya mwezi uliopita. Hiyo hapo chini ya mkono wako."

"Wewe unayajuaje masharti?"

"Nimeyatoa kopi leo mara mia mbili. Wewe umeyasoma?"

Binti aliona haya kidogo. "Tumeambiwa yapo njiani."

"Yamefika." Plastiki akachomoa mfukoni nakala moja iliyotoka kombo mashineni, akaiweka mezani.

Binti akasoma. Alisoma lote, kuanzia la kwanza, kidole kikifuata mistari, na mshale wa saa nao ukawa unasoma. Dakika sita. Dakika nne. Abiria wa nyuma wakaanza kuguna. Dakika mbili.

"Halikukataza," alisema mwishowe, kama aliyenyang'anywa kitu. Akamkabidhi Shangazi kadi ya kupandia ndege.

Shangazi hakumkumbatia Plastiki. Alimshika sikio, kama alivyokuwa akimshika zamani akichelewa kurudi kutoka kucheza.

"Lile ulilomwahidi Sista."

"Nitafanya, Shangazi."

"Sikukuuliza kama utafanya. Nakwambia, andika kwa herufi kubwa. Makosa ya watu wakubwa huandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, nimeyapiga chapa mwenyewe maisha yangu yote. La kwako liwe kubwa."

Akaenda. Penye mlango wa ukaguzi aligeuka mara moja, akacheka, meno yote nje, maana sasa hakuna aliyekuwa akimpiga picha.

Saa kumi kamili Plastiki alisikia ngurumo juu ya paa la teksi. Akatoa kichwa dirishani kama mtoto, akapunga mkono mpaka shingo ikamuuma.

Alipofika dukani, saa kumi na moja, watu wapatao ishirini walikuwa wakimsubiri, wote wachangamfu, kila mmoja na kadi ya chanjo mkononi. Habari za zawadi ya duka zilikuwa zimefika mtaa wa tatu.

"Huyo amekuja!" alipaza sauti Kinyozi. "Jamani Plastiki, mimi naondoka kesho asubuhi, nivishie na ya mke wangu."

Na mbele yao wote, bunda jipya kwapani, alisimama Bwana Tai.

Plastiki aliingia bila kujibu salamu. Akachukua karatasi, akachukua kalamu nene nyeusi, akainama mezani. Bwana Tai akamfuata, akasoma juu ya bega lake, neno kwa neno, jinsi lilivyokuwa likitoka.

*MIMI PLASTIKI NIMEHARIBU KADI ZENU ZA CHANJO. KADI YENYE PLASTIKI HAIKUBALIWI KULE. NENDENI KWA SISTA AWAANDIKIE MPYA. KOSA NI LANGU.*

"Usilibandike hilo," alisema Bwana Tai kwa upole.

"Ni kweli tupu."

"Sijasema si kweli. Mkubwa amependezwa. Kuanzia Jumatatu kazi za ofisi nzima ni zako. Lakini ofisi haiwezi kufanya kazi na duka lililoandika lenyewe kwamba linaharibu nyaraka. Kuna kanuni."

"Na nikiharibu bila kuandika?"

"Hapo utakuwa hujaharibu," alisema Bwana Tai. "Kirasmi."

"Na hawa watu?"

"Watajua uwanja wa ndege. Ndipo watu wote wanapojulia."

Plastiki alitazama nje. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye paa la duka la mbele. Sista alikuwa mbali, na foleni yake, na hakuwa na nafasi ya kuja kukagua.

Akachukua gundi ya utepe, akatoka nje, akaibandika pembe ya kwanza.

"Umeandika nini?" aliuliza Kinyozi. "Tusomee, miwani nimeiacha."

Plastiki akawasomea. Alisoma mpaka mwisho, hakuruka neno. Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Alipobandika pembe ya pili bila kucheka, wakaelewa.

"Mimi yangu uliivisha mara mbili!" Kinyozi alipiga ukelele.

"Uliniomba iwe ngumu."

"Ningekuomba uniue ungeniua?"

"Naondoka keshokutwa mimi!" alilia mama mmoja.

"Mwingizeni na yeye kwenye mashine, atoke amenyooka!"

Bwana Tai alilipanga bunda lake kwapani vizuri, akapita katikati ya watu, akaenda zake. Plastiki alimwona akiondoka, na Jumatatu yake ikaondoka naye. Akabandika pembe ya tatu.

Hapo simu ikatetema. Namba ya Kule. Akaiweka sikioni, bega likiishikilia, mkono ukiizuia karatasi isipeperuke.

"Haloo? Mwanangu?"

Ilikuwa sauti ya Shangazi. Lakini Shangazi yuko angani!

"Shangazi? Umefikaje..."

"Si Kurwa, ni Doto. Nisikilize vizuri, baba. Mwambie Kurwa asipande hiyo ndege. Mimi niko..."

Mtu alimsukuma kwa nyuma. Simu ikachomoka begani, ikapiga ukingo wa barabara, ikapotea katikati ya miguu ya watu, ikisema peke yake. Na papo hapo mkono mmoja wenye hasira ukaishika karatasi kwenye ile pembe ya nne, isiyo na kitu, ukaanza kuivuta.

Plastiki alitazama chini, kwenye simu. Akatazama juu, kwenye karatasi. Ndege haikuwa ya kuitwa tena.

Akaulaza mgongo wake wote juu ya tangazo, akakata utepe kwa meno, akapapasa nyuma ya kichwa chake mpaka akaipata pembe ya nne, akaikandamiza kwa kidole gumba. Jua lilikuwa bado lipo juu ya paa la mbele, wembamba wa ukucha.